Tanuru la nyumba linapogoma kwenye baridi kali, na mabomba yanapoganda

Hitilafu za tanuru, mtambo unaopasha nyumba joto, hujitokeza usiku ule ambao baridi imezidi, na mara nyingi huja mbili kwa pamoja: tanuru limezima, na bomba la jikoni halitoi maji. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, maana mwenye nyumba huona dalili kabla hajajua kipuri gani kimekufa. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea sana kimetangulia na kile cha nadra kimewekwa mwisho. Unahusu zaidi matanuru ya gesi yanayosambaza hewa moto kwa feni. Ya mafuta yametajwa pale yanapotofautiana.

Shika jambo moja kabla hujafungua kitu. Tanuru la kisasa lina swichi kadhaa za usalama, na kazi yake ni kulizima. Linapojizima, mara nyingi swichi haijaharibika, imeona kitu. Wapo wanaounganisha waya kuiruka swichi hiyo ili nyumba ipate joto hadi asubuhi. Usifanye hivyo, hata kwa saa moja, na fundi akikufanyia hivyo mtafute mwingine.

Dalili zisizosubiri: harufu ya gesi au kengele ya kaboni monoksidi

Gesi ya kupikia na kupashia joto kwa asili haina harufu; hutiwa kemikali inayonuka kama mayai viza ili uvujaji ugundulike. Ukiinusa, usiwashe wala usizime taa, usipige simu ukiwa ndani, usitafute inakotokea. Toeni watu wote nje, kisha piga simu ya dharura ukiwa mbali na nyumba. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, hupanda juu na kutawanyika. Propani ni nzito, hutuama sakafuni na kwenye vyumba vya chini ya ardhi, kwa hiyo mtu aliyesimama anaweza asiinuse vizuri.

Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Hujishika kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Dalili zake hufanana na mafua: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, ila homa hakuna, na hupungua ukitoka nje ya nyumba. Watu wawili nyumbani wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, huo ni ushahidi wa kutosha wa kutoka nje. Kosa linalojirudia ni kufungua madirisha, kunyamazisha kengele na kurudi kulala. Tokeni, mwite zima moto, na tanuru lisiwashwe hadi mtu mwenye kipimo alikague.

1. Tanuru limekufa kabisa: halina sauti wala mlio

Anza na themostati, kile kidhibiti cha joto kilicho ukutani. Betri zimeisha, au imewekwa upande wa kupoza, au kiwango kilichowekwa kiko chini ya joto la chumba. Panda nyuzi tatu juu ya joto la sasa, subiri dakika tano.

Baada ya hapo nenda kwenye umeme. Karibu na tanuru huwa kuna swichi inayofanana kabisa na ya taa, na kila msimu kuna mtu anayeizima akidhani ni ya taa. Angalia pia sakiti breka. Ikiwa imeruka, irudishe mara moja tu. Ikiruka tena, kuna shoti mahali, na kuirudisha mara ya pili ni kuutafuta moto.

Kisha angalia mlango wa tanuru. Nyuma yake kuna kitufe kinachokata umeme mlango ukiwa wazi, na baada ya kubadilisha filta watu huurudisha ukiwa umekaa upande. Usibandike kitufe hicho kwa tepu. Mlango usiokaa sawa huweza kuvuta moshi wa mwako na kuuchanganya na hewa mnayovuta.

Kilichobaki ni fyuzi ndogo kwenye bodi ya umeme ya tanuru, inayofanana na fyuzi za gari, mara nyingi ya ampea 3 au 5. Zima umeme, itazame: waya wa ndani ukiwa umekatika, badilisha kwa ya ampea zilezile. Ikiungua tena, nyaya za themostati zimegusana mahali fulani. Hapo mwite fundi.

Tanuru la mafuta lina kitufe chekundu cha kuliwasha upya. Kibonyeze mara moja. Kila unapokibonyeza bila moto kushika, mafuta mengine hunyunyiziwa ndani ya chumba cha mwako, na siku yatakapowaka yatawaka yote kwa mpigo.

2. Linawaka sekunde chache, linazima, linajaribu tena, kisha linanyamaza

Hii ndiyo hitilafu ya kawaida kuliko zote kwenye matanuru ya gesi, na mara nyingi ni uchafu tu. Ndani ya mwali kuna kifimbo chembamba cha chuma kinachoitwa kihisio cha mwali. Umeme mdogo mno, wa mikroampea chache, hupita kwenye mwali wenyewe na kuiambia bodi kwamba moto upo. Kifimbo kikipata utando, bodi haioni moto na hufunga gesi. Baada ya majaribio kadhaa, aghalabu matatu, tanuru hujifungia.

Kabla hujazima umeme, tazama taa ndogo kwenye bodi inayopepesa. Hesabu mipepeso na uiandike. Maana yake huwa imebandikwa nyuma ya mlango. Kwenye bodi nyingi kuzima umeme hufuta kumbukumbu hiyo, na fundi atakuja kuanza upya kwa bei yako.

Kama wewe ni mzoefu wa kushika bisibisi: zima umeme, funga koki ya gesi ya tanuru, fungua skrubu moja inayoshika kihisio, kichomoe taratibu. Kisugue kwa sufi laini ya chuma mpaka king'ae, kifute kwa kitambaa kikavu, kirudishe. Kauri yake ikiwa na ufa, ibadilishwe. Usiguse kwa vidole kiwashio kilicho jirani, kile kinachopata wekundu kabla ya moto. Hupasuka kirahisi, na mafuta ya ngozi hufupisha maisha yake.

Dalili ikirudi baada ya wiki chache, kihisio hakina kosa. Waya wa ardhi umelegea, shinikizo la gesi liko chini, au hewa ya mwako inakuja na uchafu, tuseme kutoka chumba cha kufulia au ghala la rangi. Sabuni za kufulia zenye klorini zikiwekwa karibu na tanuru hula chuma chake polepole. Hapo fundi anahitajika, na klorini ihame hata kabla hajafika.

3. Feni inapuliza, lakini hewa ni baridi

Kwanza angalia kama themostati imewekwa feni izunguke muda wote. Ikiwa hivyo, hewa baridi kati ya awamu za moto ni kawaida. Rudisha kwenye hali ya kujiendesha.

La pili ni filta. Filta iliyoziba huzuia hewa, tanuru hupata joto kupita kiasi, swichi ya kikomo cha joto hukata moto na kuiacha feni ipooze chuma. Ukiishika filta dhidi ya taa na mwanga haupiti, imekwisha. Ikague kila mwezi wakati wa baridi. Nyingi hudumu kati ya mwezi 1 na miezi 3. Mshale ulioandikwa pembeni uelekee kwenye tanuru. Filta nzito zinazouzwa kwa sifa ya kunasa kila kitu zinaweza kubana hewa kama filta iliyoziba, ikiwa tanuru halikuundwa kwa ajili yake.

Tatu, matundu ya hewa yaliyofungwa. Watu hufunga vyumba visivyotumika wakiamini wanaokoa gesi. Feni inabaki ileile, njia imepungua, tanuru linachemka, na mabomba yaliyo kwenye ukuta wa chumba kile yanakosa joto. Yafungue.

Nne, gesi haifiki: koki imefungwa, au tangi la propani limeisha. Tangi likiisha kabisa, usiwashe mwenyewe baada ya kujazwa. Mfumo unatakiwa upimwe kama unavuja.

4. Linawaka na kuzima kila baada ya dakika chache

Filta tena, ndiyo. Kisha themostati iliyowekwa mahali pabaya: juu ya tundu la hewa moto, karibu na jiko, au panapopigwa na jua.

Kama yote hayo ni sawa, chanzo kinachofuata kilizaliwa siku ya ufungaji: tanuru ni kubwa kuliko nyumba. Mafundi wengi husoma kibao cha tanuru la zamani na kuleta lenye ukubwa uleule, au huongeza kidogo kwa usalama. Tanuru kubwa mno hupasha joto haraka, huzima, huwaka tena. Vipuri huchoka, vyumba vya mbali hubaki baridi. Njia sahihi ni kukokotoa joto linalopotea kupitia kuta, madirisha, dari na nyufa, kwa baridi kali ya eneo husika. Mwombe fundi karatasi ya hesabu hiyo kabla ya kununua. Asiye nayo amekadiria kwa macho.

Kuna kipimo unachoweza kufanya mwenyewe. Tanuru likiwa limewaka dakika kumi na tano, pima joto la hewa inayotoka kwenye njia karibu na tanuru, kisha la hewa inayorudi, utoe. Kibao cha tanuru hutaja masafa yanayoruhusiwa, yaani tofauti ya chini kabisa na ya juu kabisa. Tofauti ikizidi masafa hayo, hewa ni kidogo au gesi ni nyingi. Ikiwa chini, kinyume chake. Kurekebisha shinikizo la gesi ni kazi ya mwenye manometa, yaani kipimo cha shinikizo, na leseni.

5. Mchana liko sawa, usiku wa baridi kali linazima

Dalili hii huwachosha wenye nyumba kwa sababu fundi anafika asubuhi na kukuta tanuru linafanya kazi. Karibu kila mara ni tanuru la ufanisi mkubwa, lile linalotoa moshi kwa bomba la plastiki kupitia ukutani badala ya dohani. Hufyonza joto la moshi mpaka mvuke unageuka maji, na kwa siku moja ya baridi hutoa lita kadhaa za maji hayo. Maji hayo yasipotoka, au bomba la moshi likiziba, swichi ya shinikizo hufunga kila kitu.

Toka nje kwanza. Theluji iliyorundikana, jalidi kwenye mdomo wa bomba, majani, kiota. Ondoa kwa mkono au ufagio laini. Koleo huvunja plastiki. Bomba la moshi na la hewa safi yawe juu ya kimo cha theluji ya eneo hilo, si juu ya nyasi za kiangazi kama fundi alivyoliona siku aliyofunga.

Kisha fuata mrija wa maji. Ukipita kwenye dari isiyo na joto, au ukitokea nje, huganda kuanzia mdomoni na maji hurudi nyuma hadi ndani ya tanuru. Ukandekande kwa taulo lililochovywa maji ya moto, au mwagie maji ya uvuguvugu. Maji yanayochemka hupasua plastiki baridi. Suluhisho la kudumu ni kuupitisha ndani hadi kwenye mfereji wa maji machafu, au kuuvika kizuia-joto na kutumia mrija mpana wenye mteremko.

Halafu angalia bomba la moshi lenyewe. Linatakiwa literemke kurudi kwenye tanuru, takriban sentimita 2 kwa kila mita, ili maji yake yarudi na kutolewa. Likilegea katikati, maji hujaa kwenye bonde hilo na kuganda. Utasikia mlio wa maji yakibubujika kabla tanuru halijazima.

Usichomoe bomba la moshi ndani ya nyumba ili tanuru lipumue. Litawaka kweli, na moshi wote utabaki nanyi.

6. Mwali wa njano, masizi, au madirisha yanatoka jasho ghafla

Mwali wa gesi unaochoma vizuri ni wa buluu. Uchunguzi wako hapa ni wa macho tu, kupitia kidirisha cha tanuru. Vyanzo ni vumbi kwenye vichomeo. Hewa ya mwako haitoshi kwa kuwa chumba cha tanuru kimejazwa maboksi au nyumba imezibwa nyufa zote. Feni kubwa za jikoni na bafu zinazovuta moshi kurudi ndani. Na ufa kwenye kuta za chuma zinazotenganisha moto na hewa ya nyumba. Ukiona mwali unayumba pale tu feni inapoanza, shuku ufa huo.

Zima tanuru, funga gesi, mwite mwenye leseni. Hakuna hatua ya nyumbani inayofuata. Harufu ya vumbi linaloungua saa za kwanza za msimu ni jambo jingine, na huisha yenyewe.

7. Kelele

Mlio wa chuma kutanuka kwenye njia za hewa hauna neno. Mlio mkali wa kukwaruza ni beringi za feni. Kishindo wakati wa kuwaka ni gesi iliyorundikana kabla ya kushika moto, kikijirudia, zima.

8. Tanuru ni jipya, na matatizo yameanza mara moja

Kufunga tanuru la gesi si kazi ya kujifunzia. Sehemu nyingi sheria hudai leseni, kibali na ukaguzi. Kazi yako ni kujua cha kuuliza kabla hujalipa salio.

Je, tanuru limegeuzwa kwa gesi unayotumia? Matanuru mengi hutoka kiwandani yakiwa ya gesi asilia. Likipewa propani bila kubadilishiwa pua za gesi na kurekebishwa valvu, hupata gesi kupita kiasi, hutoa masizi na kaboni monoksidi. Je, viungo vyote vilipimwa kwa povu la sabuni? Je, bomba la gesi lina kipande kinachoshuka chini kabla ya valvu, cha kunasa takataka na maji?

Swali ambalo wengi hawaliulizi linahusu hita ya maji iliyobaki. Tanuru la zamani na hita vilikuwa vinatumia dohani moja. Tanuru jipya limehamia bomba la plastiki, hita imebaki peke yake kwenye dohani kubwa na baridi. Moshi wake hauna nguvu ya kupanda, hutonesha maji ndani ya dohani na huweza kurudi nyumbani. Tanuru lenyewe halina kosa, ila ufungaji ndio uliozaa hatari. Dohani huhitaji kupunguzwa upana, au hita nayo ibadilishwe.

Kengele za kaboni monoksidi ziwekwe kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala. Zina tarehe ya kuisha. Iangalie nyuma ya kifaa.

9. Bomba halitoi maji

Bomba moja tu likikauka, ganda liko kwenye tawi lake: chini ya sinki la ukuta wa nje, kwenye dari, kwenye gereji. Nyumba nzima ikikauka, angalia mahali maji yanapoingilia, au muulize jirani kama mtaa una maji. Mabomba yasiyovikwa, yaliyo mahali pasipo joto, huanza kuwa hatarini nje ikifika kama nyuzi 6 chini ya sifuri za Selsiasi, na upepo unaopenya kwenye tundu la ukuta huharakisha.

Maji yakiganda hutanuka takriban asilimia 9. Lakini bomba mara nyingi halipasuki pale penye barafu. Barafu husukuma maji kuelekea mdomo wa bomba uliofungwa, shinikizo hupanda katika kipande hicho kidogo, na chuma huachia hapo. Ndiyo sababu mdomo wa bomba ukiachwa wazi kidogo huokoa nyumba hata kama barafu imeshaanza.

Hakikisha kwanza unajua valvu kuu ya maji ilipo na kwamba inazunguka. Fungua bomba lililokauka. Pasha kwa draya ya nywele au taulo la moto, ukianzia upande wa mdomo wa bomba na kurudi nyuma kuelekea kwenye barafu, ili maji yaliyoyeyuka yapate pa kutokea. Fungua milango ya kabati la sinki. Usitumie tochi ya gesi wala moto wa aina yoyote. Ndani ya ukuta kuna mbao, na maji yaliyofungiwa yakigeuka mvuke bomba hupasuka usoni pako.

Mwite fundi bomba ikiwa huoni ganda lilipo, liko ndani ya ukuta, au bomba limeshatuna.

10. Bomba limepasuka

Funga valvu kuu. Fungua mabomba ya chini kabisa ili mfumo umwage. Maji yakiwa karibu na umeme, kata umeme, lakini usikanyage maji kulifikia boksi la sakiti. Hapo liachie shirika la umeme. Tanuru lililozama, hata kidogo, lisiwashwe likishakauka: valvu ya gesi na bodi huharibika kwa ndani bila kuonyesha.

11. Tanuru limekufa na fundi hafiki leo, au nyumba itabaki tupu

Kama tanuru linafanya kazi na unasafiri, usishushe themostati chini ya nyuzi 13, na mtu apite kukagua.

Kama limekufa, acha bomba lililo mbali zaidi na mahali maji yanapoingilia litiririke kwa uzi mwembamba, la baridi na la moto. Tumia hita ya umeme iliyochomekwa moja kwa moja ukutani, mita moja mbali na pazia na matandiko. Usipashe nyumba kwa jiko la gesi wala la mkaa. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka dirisha lolote.

Ukiona joto la ndani linaelekea sifuri, mwaga maji yote. Zima hita ya maji kwanza, kwa maana ya umeme ikibaki tupu huunguza koili zake. Funga valvu kuu, fungua bomba la juu kabisa na la chini kabisa, vuta maji vyooni, mwaga hita, chomoa mpira wa maji wa bustani. Kwenye mitego ya sinki na choo, yaani mikunjo ya bomba inayobaki na maji, mimina propilini glaikoli, dawa ya kuzuia kuganda, ile inayouzwa kwa ajili ya mabomba ya nyumba. Ya radieta ya gari ni sumu. Usisahau mtego wa maji wa tanuru la ufanisi mkubwa: ukiganda tanuru likiwa limezimwa, huweza kupasua sehemu ambayo bei yake inakaribia ya tanuru zima.

Ukirudi, pasha nyumba kwanza. Kisha funga mabomba yote isipokuwa la juu, fungua valvu kuu robo tu, pita chumba hadi chumba ukisikiliza. Hita ya maji iwashwe mwisho, baada ya bomba la maji ya moto kutoa maji mfululizo bila kutema hewa.